Watani wa Bonde la Lehigh: kisa cha mechi 160

Kutoka Easton hadi Bethlehem, mashariki mwa jimbo la Pennsylvania, ni maili 17, kama kilomita 27 hivi. Ukiondoka na chai ya moto kwenye kikombe, utafika haijapoa. Easton kuna chuo cha Lafayette, kimekaa juu ya kilima kinachoutazama mji na mto Delaware. Bethlehem kuna Chuo Kikuu cha Lehigh, kimejengwa ubavuni mwa mlima, na bondeni chini yake yamesimama matanuri yaliyopoa ya Bethlehem Steel, iliyowahi kuwa kampuni ya pili kwa ukubwa wa kufua chuma Marekani. Kati ya mwaka 1884 na 2024 vyuo hivi viwili vimepambana mara 160 katika mpira wa Kimarekani, ule wa helmeti na mpira wenye umbo la yai. Hakuna vyuo vingine nchini humo vilivyokutana mara nyingi kiasi hicho.

Na bado si vyuo vya kutikisa nchi kwa mpira. Uwanja wa Lehigh unachukua watu 16,000, wa Lafayette unapungukiwa kidogo na hapo, wakati Chuo Kikuu cha Alabama kinajaza watu 100,000 Jumamosi moja. Mmarekani wa kawaida anayekesha na mpira huu kwenye televisheni hatakutajia hata mchezaji mmoja wa Lehigh. Hakuna kombe linalogombewa. Fedha za maana hazipo. Lakini mechi ipo, na imekuwepo tangu taa za umeme zilipokuwa ajabu ya mjini.

Kwa nini haikufa? Jibu langu nalitoa mapema ili msomaji anipime nalo njiani: imedumu kwa sababu hakuna upande uliowahi kupata mahali pengine pa kwenda. Waliofaulu kupata pengine, mechi zao za jadi zimekatika. Hawa wawili walibaki wanatazamana.

Mwanzo: 56–0

Tarehe 25 Oktoba 1884, huko Easton, Lafayette iliichapa Lehigh 56–0. Lafayette walikuwa na uzoefu wa misimu miwili. Lehigh ndiyo kwanza walikuwa wameunda timu. Kwa akili ya kawaida, ukipigwa hivyo unarudi nyumbani, unatafuta mchezo mwingine. Lehigh wakataka marudiano msimu uleule. Safari hii wakafungwa 34–4.

Ile nne ndogo ina hadithi yake. Siku hizo kuuvusha mpira mstari wa mwisho, kitu kinachoitwa tachidauni, kulikuwa na thamani ya pointi 4. Leo ni 6. Anayehesabiwa kuwa ndiye aliyevusha, na hivyo kuifungia Lehigh tachidauni yake ya kwanza, ni mwanafunzi mmoja aitwaye Richard Harding Davis. Masomo hayakumshika sana. Aliondoka Lehigh bila kumaliza, akaja kuwa mmoja wa waandishi wa habari za vita mashuhuri zaidi wa Marekani, akaripoti kutoka Cuba mwaka 1898 na kutoka vita vya Makaburu Afrika Kusini. Hata huku kwetu alifika: mwaka 1907 alichapisha kitabu cha safari yake ya Kongo na pwani za Afrika, na Zanzibar imo ndani. Sijui ni wasomaji wangapi wa kitabu hicho walijua kwamba mwandishi alikuwa na pointi nne za kujivunia huko Pennsylvania.

Kabla ya mpira, vyuo hivi vilikuwa tayari vinatazamana kwa jicho la pembeni. Lafayette ndiye mkubwa kwa umri, ameanzishwa 1826 na kupewa jina la yule jenerali Mfaransa aliyepigania uhuru wa Marekani. Lehigh alizaliwa 1865 kwa fedha za Asa Packer, tajiri wa reli. Lafayette naye alikuwa na tajiri wake, Ario Pardee, mwenye migodi ya makaa ya mawe. Kwa hiyo makaa yako kwa huyu, reli inayobeba makaa iko kwa yule, na wote wanafundisha uhandisi wakigombea vijana walewale wa bonde lilelile. Reli ya Packer ilipita Easton na Bethlehem. Timu ilipanda treni asubuhi, ikacheza, ikarudi kulala kitandani kwake. Gharama ndogo namna hiyo ndiyo iliyowezesha jambo lililoipa mechi hii rekodi yake: walikuwa wakicheza mara mbili kwa msimu, nyumbani na ugenini, hadi mwaka 1901.

Hapa inafaa kupiga hesabu, maana rekodi ya "mechi nyingi kuliko zote" husemwa kana kwamba ni suala la umri. Si hivyo. Yale na Princeton walianza kukutana 1873, Harvard na Yale 1875. Lafayette na Lehigh ni wadogo kwao. Kuanzia 1884 hadi 2024 kuna misimu 141. Toa msimu mmoja ambao hawakucheza, zinabaki 140. Zile 20 za ziada zimetoka wapi? Kumi na saba ni za ile miaka ya mechi mbilimbili. Moja ni ya 1891, walipoona mbili hazitoshi wakaenda kumalizana mara ya tatu mjini Wilkes-Barre. Mbili za mwisho ni za 1943 na 1944, wakati wa vita, usafiri ulipokuwa shida na timu za kucheza nazo zimepungua, wakarudia desturi ya zamani ya kukutana mara mbili. Ujirani wenyewe ndio uliofunga hesabu. Angalia vizuri hiyo miaka ya vita: dunia ilipobana, wengine walifuta ratiba, hawa waliongeza mechi, kwa sababu jirani ndiye pekee unayeweza kumfikia wakati petroli ni ya mgawo.

Mwaka waliosusiana

Msimu mmoja niliokwisha kuutoa kwenye hesabu ni 1896, na kwangu ndio moyo wa kisa chote.

Lafayette walikuwa na mkimbiaji hatari, George Barclay. Jina lake lipo katika historia ya mchezo kwa jambo jingine kabisa: alichoshwa na masikio kuvimba na kuharibika kwa kugongwa, akatengenezewa kofia ya mikanda ya ngozi, na wengi humtaja kama baba wa helmeti. Lehigh hawakuwa na tatizo na masikio yake. Tatizo lao lilikuwa besiboli. Walidai Barclay aliwahi kulipwa kuicheza, na mchezaji wa kulipwa hana haki ya kusimama na wachezaji wa ridhaa wa chuo. Lafayette wakagoma kumtoa. Lehigh wakagoma kucheza.

Nani alikuwa na haki? Kwa maandishi, hoja ya Lehigh ilikuwa na miguu: Barclay baadaye alicheza besiboli ya ligi kuu kule St. Louis, kwa hiyo kwamba mkono wake ulijua mshahara si uzushi wa kutunga. Lakini kila chuo kikubwa cha wakati ule kilikuwa na kijana au wawili ambao usingependa kuuliza sana habari zao. Sheria ya ridhaa ilikuwa kama panga la jirani, unaliona linapokatia shamba lako tu.

Kinachofanya mwaka huo uwe mchungu kwa Lehigh ni kwamba waliususia wakati mbaya kuliko wote. Ndiyo Lafayette bora kupata kuwepo. Walitoka suluhu na Princeton, 0–0. Wakaenda Philadelphia wakakifunga Chuo Kikuu cha Pennsylvania 6–4, jambo ambalo chuo kidogo hakikutarajiwa kulifanya. Walimaliza msimu bila kufungwa, na leo wanahesabiwa miongoni mwa mabingwa wa taifa wa mwaka huo. (Tabasamu kidogo hapa: orodha iliyowapa ubingwa huo ilitungwa miaka mingi baadaye na Parke H. Davis, mwanasheria wa Easton na mwanahistoria wa mchezo. Kocha wa Lafayette mwaka 1896 alikuwa nani? Parke H. Davis.) Kwa hiyo Lafayette ilipata karibu kila kitu mwaka huo isipokuwa kimoja, kumpiga jirani. Na Lehigh nao walijikosesha nafasi ya kuwa timu pekee iliyoharibu sherehe hiyo.

Mwaka uliofuata wakarudi uwanjani. Hawakutunga mkataba wa amani wala kuunda tume. Kila upande ulikuwa umeonja Novemba isiyo na mwenzake, basi. Tangu 1897 hawajaruka msimu hata mmoja.

Linganisha na vyuo vya Alabama na Auburn, mechi ambayo leo inasimamisha jimbo zima. Baada ya mchezo wa 1907 walishindwa kuelewana juu ya posho ya siku ya wachezaji, tofauti ya nusu dola kwa kichwa, idadi ya wachezaji watakaolipiwa, na mwamuzi atoke wapi. Ugomvi wa nusu dola. Hawakukutana tena hadi 1948, miaka 41. Baba alifungwa, mtoto akazaliwa, akakua, akaoa, akaenda vitani na kurudi, na mechi bado haijachezwa. Wangeweza kumudu hivyo kwa sababu kila mmoja alikuwa na pengine: Georgia, Georgia Tech, Tennessee, ukanda mzima wa Kusini ulikuwa wazi kwao. Bunge la jimbo lenyewe lililazimika kuingilia, likitaka vyuo hivyo vikutane. Jeshi la nchi kavu na jeshi la majini nao walikatisha mechi yao kutoka 1894 hadi 1898. Kwa hiyo kususa si ajabu. Ajabu ni kurudi baada ya mwaka mmoja, na huko ndiko ninakoona kazi ya zile maili 17.

Vipigo na ukame

Miaka iliyofuata naipita haraka, maana takwimu zake zinajieleza. Mwaka 1917 vijana wengi wa Lafayette walikuwa wamekwenda jeshini, Lehigh haikuwahurumia: 78–0, kipigo kikubwa kuliko vyote katika historia yao. Kisasi kilikuja polepole na kwa muda mrefu. Kuanzia 1919 hadi 1928 Lafayette ilishinda mara kumi mfululizo. Kisha ukaja ukame mwingine wa Lehigh, kutoka 1937 hadi 1949, bila ushindi hata mmoja, wakaambulia sare moja tu mwaka 1942. Mwanafunzi wa miaka hiyo aliweza kuingia Lehigh, kuhitimu, na hata kuajiriwa bila kuonja ladha hiyo. Uliisha 1950, Lehigh ilipomaliza msimu bila kufungwa na kumfunga jirani 38–0.

Wapo watakaosema utani wa jadi unahitaji nguvu sawa. Kisa hiki kinapinga. Utani unaweza kubeba miaka kumi ya kuonewa ikiwa aliyeonewa anaishi karibu kiasi cha kushindwa kukwepa. Wahitimu wa vyuo vyote viwili walikuwa wakiajiriwa kwenye ofisi zilezile za bonde, na kubwa kuliko zote ilikuwa Bethlehem Steel, ambayo kwa miongo kadhaa iliongozwa na Eugene Grace, mhitimu wa Lehigh. Aliyefungwa Jumamosi alikaa meza moja na aliyemfunga Jumatatu. Huwezi kumsusia mtu wa namna hiyo. Unachoweza ni kusubiri Novemba nyingine.

Simu ya kwenda El Paso

Novemba 1948 ilileta jambo lililozidi mpira. Lafayette walikuwa wamefanya vizuri, wameifunga Lehigh, na wakaalikwa kucheza Sun Bowl, mechi ya mwaliko ya kufunga msimu, huko El Paso, Texas, siku ya mwaka mpya. Kwa chuo kidogo cha Pennsylvania, mwaliko huo ulikuwa kama kuitwa ikulu. Sharti lilikuwa moja: mchezaji mweusi haruhusiwi kugusa uwanja. Lafayette walikuwa naye mmoja, David Showell, aliyewahi kuwa miongoni mwa marubani weusi wa Tuskegee wakati wa vita vya pili vya dunia.

Showell aliwaambia wenzake waende bila yeye. Walimu wa chuo wakapiga kura: hatuendi. Habari zilipowafikia wanafunzi, kwanza walikasirika kwamba safari imefutwa. Walipoambiwa sababu, hasira ikageuza mwelekeo. Zaidi ya elfu moja waliandamana usiku hadi nyumbani kwa mkuu wa chuo, Ralph Cooper Hutchison. Mkuu akapiga simu El Paso, mamia wakisubiri nje: tutakuja, lakini tunakuja na Showell. Jibu likawa lilelile. Wanafunzi wakatuma telegramu kwa Rais Truman. Timu haikwenda.

Kwa nini nakiweka kisa hiki ndani ya mechi ya Lehigh? Kwa sababu kinaonyesha ubavu ambao utani huu uliwapa. Msimu wa Lafayette haukuwa unangoja El Paso ili uwe na maana. Ulikuwa umekwisha, na umekwisha kwa ushindi dhidi ya mtu ambaye ushindi juu yake ndio unaoandikwa. Chuo chenye timu inayoishi kwa mialiko ya mwaka mpya kingepata ugumu zaidi kusema hapana. Sisemi walimu wale walifikiri juu ya Lehigh walipopiga kura. Dhamiri ndiyo iliyowasukuma. Nasema gharama ya kusikiliza dhamiri ilikuwa ndogo kwao kuliko kwa wengine.

Mpira uliopakwa rangi

Vyuo vingine vya Marekani hugombea vitu vya ajabu: ndoo ya mbao, kengele ya treni, shoka, jagi. Lehigh na Lafayette hawana kitu. Maelezo wanayoyapenda wenyewe, nami nayakubali, ni kwamba mechi yao ilianza kabla hiyo desturi ya makombe haijazaliwa. Mshindi anachukua mpira uliochezewa. Basi. Unapakwa rangi, unaandikwa mwaka na matokeo, unawekwa kabatini. Ngozi ya mpira wa zamani imesinyaa, herufi zimepaukapauka, na umbo lake limelegea kwa kukosa hewa. Ukitazama kabati la namna hiyo hata usiyejua sheria za mchezo unaweza kusoma historia kwa miaka iliyokosekana: pale palipo na pengo, mpira uko kwa jirani, kilomita 27 upande wa pili.

Mashabiki, kwa kuwa hawakupata kombe la kushika, walitafuta chao. Kwa miongo mingi walichokitaka ni nguzo za goli. Filimbi ya mwisho ikilia, na mara nyingine kabla haijalia, wanafunzi walimwagika uwanjani, wa huku wakivuta nguzo zianguke na wa kule wakizilinda, ngumi zikitembea katikati. Vipande vya mbao vilikatwa vikaenda kukaa mabwenini na, baadaye, sebuleni kwa watu wazima wenye ndevu nyeupe. Novemba 1987 ilizidi. Ilikuwa mechi ya mwisho kwenye uwanja wa Taylor, nyumbani kwa Lehigh tangu 1914, siku ya baridi kali na upepo. Lehigh ilishinda 17–10, na watu hawakuridhika na nguzo. Waliubomoa uwanja kwa mikono, wakaondoka na mbao za viti. Uongozi wa vyuo baadaye ukakaza kamba, polisi na vizuizi vikaongezeka, na desturi hiyo ikafifia. Wazee wanailalamikia kufifia kwake. Mimi, nikifikiria nguzo inavyoanguka juu ya umati, siwezi kulalamika nao.

Kilichobaki ni wiki yenyewe. Lehigh wana beni yao ya wanafunzi, inayojiita Marching 97, na wiki ya mechi beni hiyo huvamia madarasa: mlango unafunguliwa katikati ya somo, tarumbeta zinaingia, ngoma zinafuata, mwalimu anasimama na chaki mkononi hadi wimbo uishe. Lehigh wanavaa kahawia na nyeupe, rangi ambayo hakuna mwingine angeichagua kwa hiari. Lafayette wanavaa damu ya mzee na nyeupe, na wanajiita Chui.

Mwisho wa msimu bila mwisho mwingine

Mwaka 1986 vyuo hivi viliingia pamoja katika ligi mpya ambayo leo inaitwa Patriot League. Waanzilishi walikuwa na msimamo ambao nchini mwao ulionekana wa ajabu: hakuna mwanafunzi kulipiwa ada kwa sababu ya mpira, na hadi 1997 bingwa wa ligi hakushiriki mtoano wa kitaifa. Hebu fikiria maana yake. Mechi ya Lehigh na Lafayette inachezwa Jumamosi ya mwisho ya ratiba. Ukishaimaliza, hakuna kesho. Hakuna robo fainali ya kukufariji. Wengine waliuona msimamo huo kuwa kujikata miguu, lakini kwa utani huu ulikuwa mbolea.

Ndani ya kipindi hicho ilichezwa mechi ya 1995, Lehigh wakashinda 37–30 baada ya vipindi viwili vya nyongeza, giza likiingia. Lakini ikiwa ningepewa dakika moja tu ya kuiona kwa macho, ningechagua ya 2005.

Katika mchezo huu timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Ukishindwa, mpira unakwenda kwa mwenzako. Zimebaki sekunde zisizotimia dakika. Lehigh wanaongoza 19–16. Lafayette wako kwenye jaribio la nne, na yadi zote 10 bado hawajazipata. Mrushaji wao wa kwanza yuko nje kwa jeraha. Aliyeshika mpira ni mbadala, Pat Davis. Lehigh wanachotakiwa ni kuzuia mara moja tu, msimu uwe wao. Davis anarudi nyuma, anaurusha mbali. Yadi 37 mbele yake Jonathan Hurt anaudaka ndani ya eneo la mwisho. Saa inaonyesha sekunde 38. Matokeo 23–19, Lafayette wanagawana ubingwa wa ligi na wanakwenda kwenye mtoano.

Kwenye mtoano walifanya nini? Hilo ndilo swali ambalo mtu wa Easton atakujibu kwa kusitasita. Ile ya sekunde 38 atakusimulia bila kuulizwa.

Siku moja ya ukubwa

Mechi ya 150, tarehe 22 Novemba 2014, waliipeleka New York, Yankee Stadium. Mara ya kwanza kutoka nje ya miji yao tangu ile ya Wilkes-Barre ya 1891. Walikuja watu 48,256. Ukijaza viwanja vyao vyote viwili kwa pamoja hupati 30,000. Wahitimu ambao hawakuwa wamekanyaga bonde kwa miongo walishuka kwenye treni za chini ya ardhi na skafu za kahawia. Ross Scheuerman wa Lafayette alikimbia na mpira yadi 304, na Lehigh wakalala 27–7.

Somo la kibiashara lilikuwa wazi: bidhaa ipo, wateja wapo. Kwingine pote Marekani somo kama hilo huishia kwenye mkataba wa miaka kumi na uwanja mkubwa. Hawa walirudi nyumbani. Mwaka 2015 mechi ikawa tena ya kilimani, mbele ya watu elfu kadhaa. Nadhani hapo ndipo walipokaribia zaidi kuiharibu, na sijui kama waliokuwa mezani waliliona hivyo. Mechi inayochezwa New York kila mwaka si ya majirani tena. Inakuwa maonyesho, na maonyesho yakikosa watazamaji miaka mitatu mfululizo yanafungwa.

Korona ilikuja 2020 na kufuta msimu wa vuli. Mfululizo wa tangu 1897 ulikuwa umefika ukingoni. Walichofanya ni kuisogeza mbele, wakacheza masika ya 2021, na vuli ya mwaka huohuo wakakutana tena, kama mababu zao wa reli.

Shinikizo la sasa ni la aina nyingine. Tangu 2013 ligi inaruhusu ufadhili wa masomo kwa wachezaji wa mpira. Wachezaji nchi nzima wamepata uhuru wa kuhama chuo hadi chuo na kulipwa kwa matumizi ya majina yao, na kijana anayeng'ara Bethlehem anaweza kununuliwa na chuo kikubwa kabla ya darasa lake kuhitimu. Ligi yenyewe inapanuka. Richmond waliingia 2025. Kwa mara ya kwanza, pengine panaanza kuonekana, ingawa ni kwa mchezaji mmoja mmoja, bado si kwa chuo. George Barclay angecheka: walimsusia kwa jambo ambalo leo lina mwanasheria na mkataba.

Novemba 2024, Lehigh walikuwa nyumbani Bethlehem, wakashinda 38–14. Hesabu hadi hapo: Lafayette ushindi 82, Lehigh 73, sare 5. Mpira haukuhitaji kupanda basi. Ulibaki palepale Bethlehem, ukingoja kupakwa rangi.